Wasifu Ambao Haukusomwa: Mwongozo wa Kumkumbuka Babu

Wasifu wa marehemu hufanana karibu kila msiba. Alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akasoma mpaka darasa la nne, akaoa, akafanya kazi huku na huku, akaanza kusumbuliwa na presha, ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 23, kazi ya Mungu haina makosa. Msomaji anakunja karatasi, anaitia mfukoni mwa koti, na jioni koti linapanda basi kurudi mjini. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Aliyeiandika aliiandika usiku huku anatafuta turubai na kuhesabu masufuria. Ila mgeni aliyekaa nyuma kabisa, asiyemjua babu yako, ameondoka bila kujua kama mzee huyo alikuwa mcheshi au mkali, kama alikopesha watu, kama aliimba akiwa peke yake shambani.

Mwongozo huu ni wako wewe mjukuu uliyempenda na unayeona karatasi ile imempunja. Si lazima uwe mwandishi. Tafuta kaunta buku, penseli, simu yenye nafasi ya kutosha, na saburi ya kukaa na wazee wanaorudia hadithi. Kinachobana ni muda. Mzee akifariki na miaka 88, wa rika lake waliobaki ni wachache, na baadhi yao wako hapo hapo chini ya turubai lenu leo.

Anza kabla matanga hayajaanuliwa

Siku za mwanzo ni za kujua nani anajua nini. Mchana pika, chota maji, pokea wageni kama wajukuu wengine. Usiku, wazee wanapoota moto, kaa pembeni usikilize. Msiba huwaweka mkeka mmoja watu ambao hawatakutana tena: mdogo wake aliyehamia Kigoma, rafiki aliyefanya naye kazi mkongeni Korogwe, jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba nusu ya maisha yao. Baada ya siku ya tatu wanatawanyika. Chukua majina yao na namba zao, na uandike pia kijiji na jina la mtu anayejulikana hapo, maana namba za simu hubadilika na wazee huazima simu za wajukuu.

Wa kwanza kumfuata asiwe baba yako wala shangazi zako. Wao walimjua alipokwisha kuwa mtu mzima mwenye amri. Mfuate dada yake aliye hai, shemeji yake, mwenzake wa jando, mtu waliyecheza naye bao kila Ijumaa. Hao walimwona akiogopa, akiiba mihogo, akikataliwa na msichana. Kisha nenda kwa bibi, ila umwache aongee anapotaka mwenyewe. Kama ni Mwislamu atakaa eda miezi 4 na siku 10, na wengi hudhani huo ni wakati wa kumwacha peke yake. Mjukuu hazuiwi na eda. Ni kipindi ambacho bibi yupo nyumbani, kazi zake wanafanya wengine, na usiku ni mrefu. Chambua naye maharage, usimwulize kitu, naye atafika kwenye habari za babu kwa njia yake.

Mtu mwingine wa kumwangalia kwa makini ni mtani. Kwenye misiba ya Pwani na ya kusini, na popote utani wa makabila haujafa, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, mtani huweza kuvaa kofia ya marehemu, akashika bakora yake, akatembea mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akaamrisha wajukuu walete ugoro kwa sauti ileile. Wanaolia wanacheka, kisha wanalia tena. Mjukuu aliyelelewa mjini huona ni utovu wa adabu na hutamani mtu amkamate. Usimkamate. Tazama ameiga nini na watu wamecheka wapi, halafu uandike usiku uleule kabla ya kulala. Hakuna anayecheka tabia asiyoitambua. Kwa maoni yangu mtani humkumbuka marehemu kwa uaminifu kuliko mhubiri, kwa kuwa yeye peke yake ana ruhusa ya kusema kwamba mzee alikuwa mchoyo wa nyama.

Uliza kitu chenye mahali na saa

Ukimwuliza mzee "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu "Alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu." Amekuheshimu, na umetoka mikono mitupu. Uliza hivi: mvua za kwanza zikinyesha alikuwa anafanya nini? Akirudi shamba alikaa upande gani wa nyumba? Chakula gani alikikataa hata akiwa na njaa? Mshahara wa kwanza aliununulia nini? Nani alikuwa hamsalimii, na ilianzaje? Pesa alizificha wapi? Hili la mwisho wazee hulicheka kwanza, na hadithi huanzia hapo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na kopo la Kimbo limejaa misumari iliyokwisha kutumika. Jioni aliweka jiwe katikati ya miguu, akachagua msumari uliopinda, akaulaza, akaugonga kwa nyundo vipigo vidogo vidogo huku akiuzungusha kwa kidole gumba. Kisha aliuinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Ukiwa bado una nundu aliurudisha jiweni. Ukinyooka aliutia kwenye kopo la pili, na kopo la pili lilikuwa na mfuniko. Wasifu wake haukutaja misumari. Lakini mtu akinikumbusha lile kopo namwona mzima: ubahili, utulivu, na ile imani kwamba atajenga chumba kingine. Babu yako naye ana kopo lake mahali fulani. Huenda ni betri za redio alizokuwa akizianika juani zipate nguvu, au namna alivyowanyamazisha watu wote ilipofika taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Mzee aseme lugha aliyoizoea. Kama ni Kipare, Kinyakyusa au Kihaya na wewe unaisikia kwa shida, rekodi hivyo hivyo, utatafsiriwa baadaye. Ukimlazimisha Kiswahili atakupa hadithi fupi iliyovaa suti. Omba ruhusa kwanza. Weka simu juu ya kitambaa kati yenu, izime mtandao isije ikaita, na mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na jina la msemaji, kwa sababu baada ya miaka 5 sauti za wazee wawili zitakuchanganya. Kuku na mchi wa jirani vitaingia kwenye rekodi, acha viingie. Saa moja inatosha. Mzee aliyechoka huanza kukubali kila unachomwambia, na hapo unarekodi mawazo yako mwenyewe.

Usijisahau wewe. Utani wa babu na mjukuu hauna shahidi mwingine zaidi yenu wawili. Alikuitaje? Wajukuu wengi wa kike waliitwa "mke wangu" mbele ya bibi, na bibi akadai basi mke huyo mdogo akachote maji. Andika maneno yenyewe, pamoja na matusi yake ya upole. Maneno hupotea haraka kuliko sura, kwa sababu sura ina picha.

Mwaka wa kuzaliwa na miaka isiyojulikana

Vitambulisho vya wazee wengi vina tarehe 1 Januari au 1 Julai, na mara nyingi hiyo ni tarehe ya karani. Kwenye shughuli za serikali usibishane nayo. Kwenye daftari lako, mtafute kwa matukio. Nzige walioanza kuvamia Afrika Mashariki mwaka 1928 na kuendelea mwanzoni mwa miaka ya 1930 walimkuta anabebwa mgongoni au anakimbia? Vita ya Hitla ilipokwisha mwaka 1945 alikuwa ametoka jandoni? Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo mwaka 1947 alikuwa na umri wa kuajiriwa? Siku ya uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa? Unamweka kati ya matukio mawili, kisha unapunguza nafasi. Kwa Kenya kuna hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kwa Wakikuyu na Wakalenjin jina la rika lake pekee humweka mzee kwenye miaka yake.

Kama alibatizwa Katoliki, nenda parokiani ukaombe kutazamiwa daftari la ubatizo. Misheni za zamani, Bagamoyo ya mwaka 1868 au Peramiho ya mwaka 1898, ziliandika mapema, na parokia zilizozaliwa nazo zikafuata. Humo utakuta tarehe, majina ya wazazi, msimamizi wa ubatizo, na mara nyingi pembeni pameongezwa ndoa yake. Nenda siku ya kazi, na uende na jina la ubatizo na la baba yake. Jina la utani ambalo kijiji kizima kilimwitia halitasaidia. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima, hata humo mwaka wa kuzaliwa huwa wa kukisia.

Miaka ya ujana wake, ambayo watoto hawaijui, hupatikana kwenye kazi. Mzee wa Tukuyu aliyesema alikwenda Wenela alisajiliwa kwenda migodini Afrika Kusini. Aliyesema alichukuliwa na Silabu alikwenda mashamba ya mkonge, Tanga au Morogoro, akawa manamba, akakata kipande cha siku 30 ndipo alipwe. Kama babu yenu ni wa zamani zaidi na alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, inawezekana alifika Burma kati ya 1944 na 1945, na wajukuu wake wanadhani zile nyimbo zake ni za kubuni. Halafu kuna Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Hapo uliza taratibu. Uliza nyumba ya zamani ilikuwa wapi, nani alikuja kuwahamisha, walibeba nini, na mti gani bado umesimama kule. Kama kuna mjomba anayeweza kutembea, mwende wote mkauone. Wazee wengi hukumbuka kwa miguu mambo ambayo wakiwa kwenye kiti hawayakumbuki kabisa.

Makaratasi, picha, sauti

Nguo za marehemu hugawiwa matanga yakianuliwa, na ni sawa. Kabla ya hapo zunguka nyumbani upige picha za vitu vikiwa mahali pake: redio juu ya kabati, baiskeli ya Phoenix ukutani, jembe lenye mpini ulioliwa na viganja vyake. Ukiambiwa uchague kimoja, chagua kilichochakaa mkononi mwake na uache suti aliyoivaa mara mbili. Bakora itagombaniwa. Waachie wakubwa.

Kisha kuna sanduku la bati na mfuko wa rambo chini ya godoro. Mtu mwenye bidii ya usafi atataka kuvichoma, na mara nyingi ni shangazi unayempenda sana, kwa hiyo wahi. Risiti ya kodi ya kichwa inakwambia mwaka ule alikuwa anaishi wapi. Kadi ya TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 na kuungana na ASP mwaka 1977, ina tarehe aliyojiunga. Barua ya kuomba nauli ina mwandiko wake. Usizinyooshe kwa pasi wala kuzitia gundi ya plastiki. Zilaze kwenye bahasha ya karatasi, uziweke mbali na sakafu na mchwa.

Picha za studio, zile nyeusi na nyeupe ambazo kila mtu amesimama wima kama ameshtakiwa, zipige upya kwa simu. Toa picha kwenye fremu kama inatoka bila kung'ang'ania, ilaze mezani karibu na dirisha mahali jua halipigi, zima mwanga wa simu, uisimamie kutoka juu sawasawa. Iliyonata kwenye kioo iache kiooni. Nyuma ya picha andika kwa penseli, kwa mkono mwepesi, majina ya waliomo kutoka kushoto. Kazi hii ifanye ukiwa na mzee ubavuni, kwa kuwa yule kijana wa pembeni mwenye kofia hatakuwa na jina tena mzee huyo akiondoka. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama faili na si kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na kupoteza ubora. Hifadhi nakala sehemu 3: simu yako, kadi ya kumbukumbu iliyofungwa sandukuni, na barua pepe ya ndugu anayeishi mbali nawe.

Sauti ndiyo watu huisahau. Ndugu wengi wana ujumbe wa sauti wa babu akidai mbolea au akilalamika kwamba hawampigii, na hawajui kwamba simu ikiibiwa umekwenda. Uombe kwenye kundi la ukoo wiki ya kwanza, watu wakiwa bado na moyo. Ujumbe wa sekunde 20 wa kuulizia mbuzi una thamani kuliko hotuba yake ya harusini. Laini yake ya simu isipotumika itafungwa, na namba yake siku moja itapokewa na mtu mwingine kabisa. Waambie wajukuu wenzako mapema, isije ikawashtua.

Usichanganye na mirathi

Katika wiki ambazo ukoo unakaa vikao, mjukuu anayeuliza mashamba ya zamani yalikuwa wapi na nani alimpa nani ng'ombe ataonekana anatafuta urithi. Hili limevunja kazi nyingi nzuri. Kifo kisajiliwe kwa wakala wa usajili, RITA, ndani ya siku 30, ukoo ukae, apendekezwe msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe. Hati ya kiwanja, kitabu cha benki, simu yenye fedha mtandaoni, vyote hivyo ukivikuta sandukuni mpe anayehusika mbele ya watu, usikae navyo hata usiku mmoja kwa nia njema. Maswali ya ardhi yaahirishe mpaka mgawanyo umalizike. Anza na nyimbo, chakula, safari na ugomvi wa zamani uliokwisha.

Mambo yatakayokuumiza

Ukiuliza vizuri, utaambiwa na usiyoyataka. Kwamba alimpiga bibi miaka ya mwanzo. Kwamba kuna mtoto Tabora ambaye msibani alisimama mbali na kaburi, na watu wakajifanya hawamwoni. Yaandike kama ulivyoambiwa, taja aliyekuambia, uyaweke kwenye kurasa zako na si kwenye kundi la ukoo. Kuyatangaza ni uamuzi wa bibi na wa huyo mtoto, wewe umeshika kalamu tu. Ila usiyafute. Kuna wajukuu wanaomsafisha babu mpaka anabaki picha ya kalenda, na baada ya miaka michache hawamkumbuki tena, wanaikumbuka kalenda. Babu aliyekuwa mkali na akabadilika anapendeka zaidi kuliko babu ambaye hakuwahi kukosea. Kama aliomba radhi, uliza aliomba vipi: kwa maneno, kwa mbuzi, au kwa kuacha pombe kimya kimya.

Kuandika

Wengi hukwama hapa kwa sababu wanataka kuanza na kuzaliwa kwake. Anza na kitu kimoja alichokijua kufanya, ukiandike hatua kwa hatua kiasi kwamba msomaji aweze kukifanya: alivyopiga tofali, alivyotega samaki, alivyopogoa mikahawa, alivyochagua mbegu ya mahindi na kuining'iniza juu ya moshi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alitumia njia hiyo kwa ukoo mzima. Kitabu chake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 na akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kimejaa namna watu walivyolima, walivyotibu na walivyosalimiana, na wahusika wanasimama hai humo humo kwenye kazi zao. Kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Wewe huna haja ya kungoja miaka 35. Kurasa 15 zilizopigwa chapa na kufungwa pale stesheneri zinatosha.

Kaburi nalo lijengewe, kwa kadiri ya imani yenu na uwezo. Familia nyingine hukopa ili kaburi liwe na marumaru kuliko nyumba anayoishi mjane. Sioni babu yupi angefurahia hesabu hiyo. Kama ni fulana zenye picha yake, angalieni kwanza kama mwaka uko sahihi.

Kurasa zikiwa tayari, zisome kwa sauti ndugu wakikutana, iwe hitima, misa ya mwaka au Desemba watu wanaporudi kijijini. Acha nafasi pana pembeni mwa kila ukurasa. Utakatizwa. Mjomba atasema haikuwa Korogwe, ilikuwa Muheza. Bibi atasema nyote mnasema uongo, baiskeli hakuinunua, alishinda kwenye bao. Usiamue nani mkweli. Andika yote mawili pembeni pamoja na jina la msemaji, kisha muulize bibi nani alishindwa.